Taima, swichi na kontrola kwenye tangi la samaki nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Taa inayowaka yenyewe asubuhi, hita inayojizima maji yakishapata joto lake, pampu inayorudishia maji yaliyokauka: siku hizi mambo haya hayadai fedha nyingi, na vifaa vyake vinapatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi na kwa wauzaji wa mtandaoni. Kazi ngumu huja baada ya kununua. Kila kifaa kitaharibika siku moja, na mpango wako unapaswa kukifanya kiharibikie upande ambao samaki watabaki hai na hakuna mtu atakayepigwa na umeme. Majibu yote hapa chini yanatoka kwenye wazo hilo.

Nianze na kifaa kipi?

Taa. Taima ya taa ikigoma, mimea itakosa mwanga siku mbili tatu au mwani utaota kwenye kioo, basi. Hakuna samaki atakayekufa.

Kabla hujagusa kifaa kingine chochote, jiulize maswali mawili. Kikiganda kikiwa kinawaka, itakuwaje? Kikigoma kuwaka, itakuwaje? Hita ikiganda ikiwa inawaka hupika samaki ndani ya saa chache, lakini ikigoma kuwaka maji hupoa polepole nawe unapata nafasi ya kugundua. Filta ni kinyume chake: kuwaka muda wote ndiyo salama yake, kuzima ndiyo hatari. Pampu ya kuongezea maji ikiganda, sebule inafurika. Vali ya gesi ya CO2 ikiganda wazi, samaki wanaanza kuhema juu ya maji. Andika majibu haya kwenye karatasi, kifaa kwa kifaa, kabla ya kwenda dukani. Ukishayaandika utajua kipi kinahitaji taima tu, kipi kinahitaji ulinzi wa pili, na kipi hakipaswi kufungwa kwenye swichi yoyote.

Umeme na maji viko pamoja. Nifanye nini ili nisipigwe shoti?

Anza na RCD ya miliampea 30, ile swichi ya usalama yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Watu wengi hudhani fyuzi ya plagi au swichi kuu ya nyumba inatosha. Haitoshi. Fyuzi ya ampea 13 iko pale kulinda waya usiungue, lakini mkondo unaoweza kusimamisha moyo wa mtu ni sehemu ndogo sana ya ampea moja, na fyuzi haitausikia kabisa. RCD hulinganisha umeme unaoingia kwenye kifaa na ule unaorudi. Tofauti ikifika kiwango chake, maana yake umeme unapita mahali pengine, labda kwenye mwili wako, na inakata ndani ya milisekunde 300 au chini ya hapo. Bonyeza kitufe cha T mara moja kila mwezi. Isipokata, ibadilishe.

Kama ubao wa umeme wa nyumba tayari una RCD, bado napendelea tangi liwe na yake peke yake. Pasi mbovu ya jikoni isije ikazima filta ukiwa kazini.

RCD haiondoi haja ya waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Waya wa ardhi ukiwepo, kifaa kikivuja RCD hukata papo hapo. Usipokuwepo, RCD inaweza kungoja hadi mtu aguse maji. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo nyuma yake hakuna waya wa ardhi wowote. Mwite fundi apime. Tanzania mafundi wa umeme wanapewa leseni na EWURA, Kenya na EPRA, kwa hiyo una haki ya kuomba kuiona.

Jambo la tatu ni bure kabisa. Kila waya unaotoka kwenye tangi uache ushuke chini ya usawa wa soketi, kisha upande tena kwenda kuchomekwa. Tone la maji likitambaa kwenye waya litafika kwenye kile kitanzi cha chini na kudondoka sakafuni, halitaingia kwenye plagi. Soketi yenyewe ifungwe ukutani au ubavuni mwa kabati, isilale sakafuni chini ya tangi, kwa kuwa huko ndiko maji huenda yakimwagika.

Na kila unapotaka kuingiza mkono majini, chomoa. Kuzima kwa simu si kuchomoa: programu inaweza kuwasha tena mkono wako ukiwa ndani.

Vifaa vyote vinaweza kukaa kwenye ekstensheni moja?

Kwa mzigo, ndiyo. Piga hesabu: filta ya wati 15, pampu ya hewa wati 4, taa wati 30, hita wati 100. Jumla ni wati 149, na kwa umeme wa volti 230 hiyo haifiki hata ampea 1. Plagi ya ekstensheni kama hiyo unaweza kuitia fyuzi ya ampea 3 badala ya 13, na ningekushauri ufanye hivyo.

Kinachochoma ekstensheni za matangi ni viungo vilivyolegea na unyevu. Nunua yenye shaba nene inayoshika plagi kwa nguvu, usirundike adapta juu ya adapta, na kila baada ya wiki kadhaa gusa plagi zote. Iliyo na joto ina tatizo. Wenye maji ya chumvi waangalie pia ule unga mweupe wa chumvi unaotambaa juu ya waya, kwa sababu hupitisha umeme ukipata unyevu.

Taima ya vipini au ya dijitali?

Ya vipini ina gurudumu la saa 24 lenye vipini 96, kila kimoja dakika 15. Ni imara, bei yake ni nafuu, na hata mtoto anaweza kuipanga. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika gurudumu linasimama. Umeme ukikosekana saa tatu, taa yako itachelewa saa tatu kila siku hadi uirekebishe. Mahali penye mgao, au LUKU (umeme wa kulipia kabla) inayoisha usiku wakati wote mmelala, baada ya wiki chache tangi litakuwa linapambazuka adhuhuri. Ya dijitali yenye betri ndogo ndani huendelea kuhesabu saa bila umeme, kwa hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwetu.

Unapoipanga, kumbuka inasoma saa za kizungu: saa 4 asubuhi andika 10:00, saa 2 usiku andika 20:00. Saa 8 hadi 10 za mwanga zinatosha matangi mengi. Lenye mwani mwingi lipunguzie hadi 7.

Angalia pia uwezo wa taima kwa taa za LED. Taa ya wati 40 tu inaweza kuvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ya milisekunde inapowashwa, maana kapasita zilizo ndani ya adapta yake zinajazwa kwa mkupuo. Mkupuo huo unaojirudia kila siku ndio unaounganisha vidole vya rilei ndogo, ile swichi ya umeme iliyo ndani ya taima, vikashindwa kuachana. Ukiona taima mpya imeganda ikiwa inawasha, mara nyingi sababu ndiyo hiyo.

Plagi za Wi-Fi zinafaa?

Kwa taa zinafaa sana. Kwa hita zinafaa kama ulinzi wa pili tu. Kwa filta, hapana.

Kabla ya kuiamini, fanya majaribio mawili. Kwanza zima ruta ya intaneti siku nzima uone kama ratiba inaendelea. Nyingine huhifadhi ratiba ndani yake, nyingine hungoja amri kutoka seva ya mbali, na bando likiisha zinabaki zilivyokuwa. Pili, ichomoe ukutani ikiwa inawasha kisha uirudishe: je, inarudi imewaka, imezima, au inarudi ilivyokuwa? Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua hali hiyo. Taa iweke irudi ilivyokuwa. Kitu chochote kinachomwaga maji kiweke kirudi kimezima.

Tazama na saa yake. Nyingi huchukua saa kutoka intaneti, kwa hiyo umeme ukirudi kabla ya mtandao haziijui saa na ratiba haifanyi kazi hadi mtandao upatikane.

Hita yangu ina kidhibiti joto ndani. Kwa nini niongeze kingine?

Kwa sababu kile cha ndani ndicho sehemu inayoharibika zaidi, na huharibika vibaya. Ndani ya hita nyingi za bei ya kawaida kuna kibati cha metali mbili kinachojikunja kwa joto na kukata umeme. Kila kinapowasha na kuzima, cheche ndogo hula vidole vyake, na siku moja vidole vinashikana. Hita haizimi tena.

Tuhesabu. Kupandisha lita 100 za maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kama wati 116 kwa saa moja. Hita ya wati 300 iliyoganda kwenye lita 100, tukiweka kando joto linalopotea hewani, itapandisha karibu nyuzi 2.6 kila saa. Maji ya nyuzi 25 yatafika 35 kabla ya saa nne kuisha. Ukiondoka asubuhi kwenda kazini, mchana tangi limekwisha. Sasa weka hita mbili za wati 50. Moja ikiganda haiwezi kupandisha hata nusu nyuzi kwa saa, na katika chumba chenye ubaridi itafika mahali joto linaloingia linalingana na linalopotea, isiendelee. Moja ikifa, ya pili inashikilia tangi lisipoe ghafla. Kwangu huu ndio ulinzi bora kuliko kifaa chochote cha kielektroniki, na hauhitaji programu.

Juu ya hapo ongeza kontrola ya joto ya nje yenye kihisi chake, kama Inkbird ITC-308, ambayo ina soketi moja ya kupasha na moja ya kupooza. Ipange iwe bosi: kontrola ya nje kwenye nyuzi 25, themostati ya hita (kile kidhibiti joto cha ndani) kwenye 27. Siku za kawaida kontrola ndiyo inayokata. Ikiganda, themostati ya hita inakata kwenye 27. Ili samaki wapikwe, viwili vyote viharibike kwa pamoja. Wanaoweka themostati ya hita juu kabisa ili "isiingilie" wameutupa ulinzi huo.

Kihisi kifungwe kwa kamba ya plastiki mahali maji yanapopita, kisiachwe kikining'inia. Kihisi kikichomoka na kudondoka sakafuni, kontrola itasoma ubaridi wa chumba na kupasha bila kukoma. Hapo tena ndipo zile nyuzi 27 za themostati na zile hita ndogo zinapokuokoa.

Na unapobadilisha maji, zima hita kwanza, ngoja dakika 15 hadi 30 ipoe, ndipo ushushe maji. Hita ya kioo iliyobaki hewani ikiwa na moto hupasuka inapoguswa na maji.

Je, nahitaji hita kweli? Ninaishi Dar es Salaam.

Kwa samaki wengi wa nchi za joto, hapana. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar shida kubwa ni joto kuzidi. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya habari ni nyingine: usiku wa Juni na Julai Nairobi hewa ya nje hushuka hadi karibu nyuzi 10 hadi 12, na tangi dogo sebuleni litafuata. Siklidi wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa duniani kote kutoka Kigoma, wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 27 yasiyobadilika haraka, kwa hiyo wakiwa nyanda za juu hita inawahusu.

Kwa watu wa pwani, kinachofaa kuendeshwa chenyewe ni feni. Feni ndogo za kompyuta za volti 12, zikipuliza juu ya maji na kufungwa kwenye soketi ya kupooza ya kontrola, hushusha nyuzi 2 hadi 3 kwa kukausha maji. Wakati wa masika hewa ikiwa nzito kwa unyevu hushusha kiasi kidogo kuliko hicho. Weka tofauti ya nyuzi 1 kati ya kuwaka na kuzima ili zisiwake na kuzima kila dakika.

Joto linagusa pia pumzi. Maji baridi kiasi, ya nyuzi 20, hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Samaki wakati huohuo anahitaji zaidi, kwa kuwa mwili wake unakwenda kasi. Ndiyo maana tangi la pwani lililojaa samaki halivumilii kukatika kwa umeme kama tangi la Njombe.

Naweza kuzima filta usiku ili niokoe umeme au nipunguze kelele?

Usifanye hivyo. Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya taka za samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Wanahitaji maji yenye oksijeni yapite juu yao muda wote. Filta ya mkebe iliyofungwa ikisimama saa kadhaa, oksijeni iliyomo huisha, bakteria huanza kufa, na ukiiwasha inatema uchafu huo ndani ya tangi. Wati 15 usiku kucha ni kiasi kidogo sana cha uniti.

Ukitaka kusimamisha mkondo wa maji wakati wa kulisha, tumia kitufe kinachorudisha filta chenyewe baada ya dakika 10. Swichi ya kuzima kwa mkono ambayo lazima ukumbuke kuiwasha ni mtego. 

Umeme ukikatika je?

Hapa ndipo mipango mingi ya kutoka nje inapotuangusha, kwa kuwa imeandikwa kwa watu ambao umeme wao hukatika mara chache. Sisi tupange kana kwamba utakatika wiki hii.

Cha kwanza ni pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukipotea. Zipo zenye betri ya kuchaji ambazo hukaa zimechomekwa ukutani muda wote na kuamka umeme ukikata. Ichomeke kwenye soketi ileile ya RCD ya tangi, ili RCD ikikata pia iamke. Mabomba ya hewa yote yawe na vali ya kuzuia maji kurudi. Bila vali hiyo, pampu ikisimama maji hunyonywa kupitia bomba hadi kwenye pampu, kisha kwenye soketi iliyo chini yake. Vali ni ya bei ndogo kabisa katika orodha nzima.

Kama una inveta ya nyumba, tazama aina yake. Inveta za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na pampu za sumaku za AC zikila umeme huo hunguruma na kuchemka. Tumia inveta ya mawimbi laini au hamia pampu za DC za volti 12 au 24, ambazo unaweza kuzifunga kwenye betri yenye kidhibiti bila inveta. Hita usiipe betri, itaimaliza yote. Funika tangi kwa blanketi pembeni, uache juu wazi.

Umeme ukirudi huja na mshtuko wa volti. Kilinda volti cha aina ya kinachotumika kwa friji, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa mbele ya kontrola na taa. Ukikifunga, pampu ya hewa ya betri iliyochomekwa nyuma yake itaendelea kufanya kazi katika dakika hizo.

Filta ya mkebe iliyosimama usiku kucha ifungue, mwaga maji yaliyolala ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe.

Pampu ya kurudishia maji yaliyokauka inafurisha nyumba. Nawezaje kuizuia?

Swichi ya boya inategemea kipande cha plastiki kinachopanda na kushuka. Konokono akikaa chini yake, au chumvi ikiganda kwenye mhimili wake, boya haliendi popote. Kihisi cha mwanga hakina sehemu inayotembea, lakini mwani ukikifunika husoma vibaya. Kwa hiyo usitumie kimoja.

Funga swichi mbili za boya kwa mfululizo, yaani umeme upite ya kwanza kisha ya pili ndipo ufike kwenye pampu. Ya kwanza ikae kwenye usawa unaoutaka, ya pili sentimita 2 juu yake. Ya kwanza ikiganda, ya pili inakata. Ongeza kikomo cha muda: kama kwa kawaida pampu hufanya kazi dakika 1, kontrola iikate kwenye dakika ya 3 na ipige kelele hadi mtu aje kuangalia.

Halafu kuna ulinzi usioharibika, nao ni ukubwa wa ndoo. Tangi la maji ya chumvi la lita 200 lenye chumvi gramu 35 kwa lita, likimiminiwa ndoo nzima ya lita 10 za maji yasiyo na chumvi, litashuka hadi kama 33.3. Samaki watavumilia. Likiunganishwa na pipa la lita 100 au, mbaya zaidi, na bomba la DAWASA au la simtanki juu ya dari, hakuna kitakachovumilia, hata zulia. Ndoo ijazwe kwa mkono na iwe ndogo kiasi kwamba ikiingia yote tangi halimwagiki. Pima nafasi iliyobaki juu ya maji kabla ya kuchagua ndoo.

Mdomo wa bomba uishie juu ya maji, usizame. Ukizama na ndoo ikawa chini, pampu ikisimama maji ya tangi hurudi kwenye ndoo. Ndoo ikiwa juu, maji huendelea kushuka hata pampu imezimwa, na swichi zako zote hazitasaidia. Swichi zenyewe ziendeshe volti 12 tu. Umeme wa volti 230 usipite kwenye swichi ya boya iliyo ndani ya maji kwa hali yoyote.

Nina mimea na mtungi wa CO2. Niuweke kwenye taima ileile ya taa?

Afadhali taima yake. Gesi ifunguke saa 1 hadi 2 kabla ya taa na ifungwe saa 1 kabla ya taa kuzima. Usiku mimea haitumii CO2, nayo inavuta oksijeni kama samaki, kwa hiyo gesi inayoendelea usiku ni hatari ya bure. Nunua vali ya umeme ambayo hufunga ikikosa umeme. Umeme ukikatika gesi inasimama, na ndivyo tunavyotaka.

Vali inaweza kuganda wazi. Ndiyo maana kiwango cha mapovu chenyewe kiwe cha wastani, na pampu ya hewa iwake taa zinapozima. Watu hulenga kama miligramu 30 kwa lita; samaki wakianza kupanda juu kuhema, namba hiyo haina maana tena, punguza.

Nataka kujitengenezea kontrola kwa ESP32 au Arduino, zile bodi ndogo za kuandikia programu. Niangalie nini?

Ni kazi nzuri, na vijana wengi wa vyuo vya ufundi wanaiweza. Kuna pia reef-pi, mradi wa wazi unaotumia Raspberry Pi, kama hutaki kuandika kila kitu mwenyewe. Haya ndiyo yanayosahauliwa.

Rilei ina ncha tatu: COM, NO na NC. NO hukatika rilei ikikosa umeme, NC huungana. Filta na pampu ya mzunguko zifunge kwenye NC: kontrola ikifa kabisa, maji yanaendelea kuzunguka. Hita, gesi na pampu ya kuongezea maji zifunge kwenye NO: kontrola ikifa, zinazima. Waya mmoja kuhamishwa ncha moja ndio tofauti ya kukuta samaki hai au wamekufa.

Chipu inapowaka upya, pini nyingine hurukaruka kabla programu haijaanza. Kwenye ESP8266, chipu iliyoitangulia ESP32, pini GPIO0, GPIO2 na GPIO15 ndizo zinazoamua namna chipu inavyowaka, kwa hiyo usizitumie kwa rilei. Bodi nyingi za rilei zinawaka pini ikishuka badala ya ikipanda. Ijue yako ni ipi kabla hujaunganisha kitu chochote cha volti 230, kwa kutazama taa ndogo za rilei huku ukichomeka na kuchomoa mara kadhaa.

Kihisi cha joto cha DS18B20 kina tabia zake. Kikiwashwa na kusomwa kabla hakijapima, hurudisha nyuzi 85. Waya ukikatika, maktaba maarufu ya DallasTemperature hurudisha -127. Programu inayosema tu "chini ya 25 washa hita" itasoma -127 na kuwasha hita milele. Andika hivi: usomaji wowote chini ya 15 au juu ya 40 ni hitilafu, na hitilafu maana yake hita izime na kengele ilie. Kihisi chenyewe kinaweza kukosea kwa nusu nyuzi, kwa hiyo kilinganishe na kipimajoto cha kioo. Kwenye maji ya chumvi ule mfuko wake wa chuma hupata kutu. Uzibe kwa silikoni ya akwaria isiyo na dawa ya ukungu.

Weka saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032 ili umeme ukirudi bila intaneti kontrola ijue ni saa ngapi. Washa mlinzi wa chipu unaoiwasha upya programu ikiganda. Zile rilei ndogo za bluu zimeandikwa ampea 10 kwa volti 250, ila njia za shaba za bodi nyingi hazilingani na namba hiyo, na mota za pampu huzila zaidi. Usipitishe zaidi ya ampea 2 au 3. Sehemu ya volti 230 ikae kwenye boksi la plastiki lililofungwa, mbali na mvuke wa tangi, na kama hujawahi kufunga umeme wa nyumba, sehemu hiyo mpe fundi. Au acha kabisa kufungua waya: nunua plagi za Wi-Fi zilizofungwa kiwandani, kontrola yako izitumie amri.

Rilei za kielektroniki zisizo na vidole ni bora kwa hita?

Hazina cheche na zinadumu, lakini zikiharibika mara nyingi hubaki zimewasha, jambo tusilolitaka kwa hita. Ukizitumia, themostati ya hita ibaki kama mlinzi wa pili, na bati la kupoozea lisisahaulike.

Kontrola kubwa za kiwandani kama Apex au ProfiLux zina thamani?

Kwa tangi la matumbawe la fedha nyingi, ndiyo. Zina programu iliyokomaa, na kila soketi unaweza kuipangia itakuwaje mawasiliano na kontrola yakikatika. Kwa tangi la lita 100 la gapi na siklidi, fedha hiyo ingetenda mema zaidi kwenye RCD, hita mbili ndogo, pampu ya betri na waya wa ardhi.

Kilishi cha kujiendesha ninapokuwa safarini?

Kwa safari ya siku nne au tano, samaki wakubwa wenye afya hawahitaji kulishwa kabisa. Zaidi ya hapo tumia kilishi, ila kianze kazi wiki moja kabla hujaondoka ukiwa unatazama. Mvuke wa tangi hulowesha chakula na kukigandisha mdomoni mwa kilishi, na hili pwani hutokea haraka. Punguza kiasi hadi nusu ya unachowapa kwa mkono. Chakula kilichozidi huoza na kuleta amonia, na hiyo ni mbaya kuliko njaa.

Nitajuaje kwamba mfumo wangu ni salama kabla ya kusafiri?

Uharibu kwa makusudi ukiwa nyumbani, siku ambayo huna haraka. Zima swichi kuu kwa nusu saa, uone pampu ya betri inaamka na vali hazirudishi maji. Rudisha umeme huku ruta ikiwa imezimwa, uangalie kila kifaa kimerudi katika hali gani. Chomoa kihisi cha joto kwenye kontrola: hita lazima izime. Inua boya la kwanza la maji na ulishushe kwa mkono, kisha lishikilie chini hadi la pili au kikomo cha muda kikate. Bonyeza kitufe cha T. Kila kilichoshindwa kirekebishe na urudie jaribio lote tangu mwanzo, kwa sababu kurekebisha waya mmoja huweza kuharibu mwingine.

Halafu mwachie jirani au dada wa nyumbani karatasi moja ukutani karibu na tangi: swichi ipi inakata kila kitu, namba yako, namba ya fundi, na agizo kwamba akikuta maji sakafuni asiyakanyage kabla hajazima umeme kwenye ubao mkuu.